Trekta Bila Mafuta Halilimi

Kijana wa Kalima, hapa Maniema, akisema anataka kutengeneza mchezo wa simu, jibu linalomfikia kutoka kila upande ni moja: jifunze C++ kwanza. Analisikia kwa kaka aliyesoma informatiki Kindu au Bukavu. Analisikia kwenye video alizohifadhi katika kadi ya simu. Analisikia hata kwa mtu ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu. Sababu ni zilezile siku zote: michezo mikubwa ya dunia imeandikwa kwa C++, lugha nyingine ni za watoto, anayeanza na kidogo hubaki mdogo. Rai hii imekuwa kama sheria. Mimi naipinga yote, kwa sababu nimeona inavyowamaliza vijana wetu hata kabla hawajaanza.

Nimefundisha kompyuta hapa kwa miaka kadhaa, katika chumba kimoja chenye mashine za mitumba. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana hodari wa hesabu, alipoteza msimu mzima wa mvua akitafuta Unreal, injini ya kutengenezea michezo, kwa kuwa aliambiwa huko ndiko C++ inakofanya kazi kweli. Injini hiyo ni makumi ya giga. Alinunua mega za usiku, faili likakatikia njiani. Akanunua tena, likakatika tena. Mwishowe alimpa mwendesha pikipiki diski aipeleke kwa rafiki yake Kindu, kama kilomita 100 za barabara ambayo wakati wa mvua hugeuka tope. Diski ilirudi baada ya wiki tatu. Siku aliyoifungua injini, kompyuta yake yenye kumbukumbu ya giga 4 ilikwama, na kila alipojaribu tena ilikwama vilevile. Akaniambia, "Mwalimu, nimeona hii si kazi ya watu wa hapa."

Maneno hayo hayakuwa kweli. Alikuwa na akili, muda na hamu. Ushauri aliopewa ndio uliokuwa wa watu wa mahali pengine.

Wapo wanaompoza kijana wa namna hii kwa kumwambia kwamba lugha zote ni sawa, mchagua jembe si mkulima. Nao siwaungi mkono. Methali hiyo inamfaa mkulima mwenye majembe matano yanayolingana ghalani. Haimfai aliyeshauriwa anunue trekta mahali pasipo mafuta. Lugha za programu hazilingani hata kidogo, na kuchagua ni kazi ya kweli. Kosa la rai inayotawala ni kipimo chake. Inapima lugha kwa nguvu zake za mwisho, pale inapomilikiwa na timu ya watu mia mbili. Mimi nasema lugha ipimwe kwa inachokudai mwanzoni, kabla kitu chochote hakijatembea kwenye kioo: mega ngapi, umeme wa saa ngapi, kompyuta ya namna gani, na miezi mingapi ya kusoma. Kwa kipimo hicho, C++ kwa mwanafunzi wa Kalima ni chaguo baya, na lugha ndogo kama Lua ni chaguo bora.

Nianze na hoja ya watetezi wa C++ yenye nguvu kuliko zote, ya kasi. Mchezo unaokwenda vizuri huchora picha mara 60 kwa sekunde. Maana yake programu ina milisekunde 16 na kidogo kufanya hesabu zote na kuchora kila kitu, kisha ianze upya. C++ hutafsiriwa moja kwa moja kuwa lugha ya mashine, haina msimamizi anayesimamisha kazi ili kufagia kumbukumbu, na humpa mwandishi mamlaka juu ya kila baiti. Yote hayo ni kweli. Lakini swali ni nani anayefanya kazi nzito ndani ya zile milisekunde 16. Ukiandika mchezo kwa Lua ukitumia LÖVE, au kwa GDScript ukitumia Godot, anayechora, anayepiga sauti na anayezungumza na chombo cha picha ni injini, na injini hiyo tayari imeandikwa kwa C++ na watu wengine. Lugha yako inatoa amri tu: huyu aende kushoto, yule aruke, alama ziongezeke. Kusema lazima uijue C++ ili utoe amri hizo ni kumwambia mpiga ngoma kwamba lazima kwanza ajifunze kuchonga gogo.

Tazama pia michezo yenyewe. Minecraft, uliotolewa kwa umma mara ya kwanza 2009, uliandikwa kwa Java, lugha ambayo wakati huo wataalamu waliiona nzito mno kwa michezo. Kufikia 2023 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 300. Stardew Valley wa 2016 uliandikwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa C#. Balatro, mchezo wa karata uliotoka Februari 2024, uliandikwa kwa Lua juu ya LÖVE, tena na mtu mmoja, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa umeuza mamilioni ya nakala. Karata, ndugu zangu. Kitu ambacho mtaani kwetu huchezwa juu ya katoni lililopinduliwa kila jioni. Hakuna C++ iliyohitajika kutoka kwa aliyeutunga.

Mchezo ukikwama kwenye simu ya itel au Tecno yenye kumbukumbu ndogo, mara nyingi sana lugha haina hatia. Chukua picha moja ya mandhari yenye upana wa nukta 2048 na urefu wa nukta 2048. Kwenye kadi inaweza kuwa faili dogo, kwa kuwa imebanwa. Ikifunguliwa ndani ya kumbukumbu bila kubanwa, kila nukta inachukua baiti 4, na picha hiyo moja inakula mega 16. Weka 20 za namna hiyo, umekula mega 320 kabla mchezaji hajagusa kitu. Ukiandika kwa C++ zitakuwa mega 320, na ukiandika kwa Lua zitakuwa mega 320. Kinachookoa hapo ni mtu anayejua kuchora kidogo na kutumia picha moja mara nyingi. Hayo hayafundishwi na C++, yanafundishwa na kutengeneza mchezo, kuuweka kwenye simu dhaifu na kuona pale unapokwama.

Fikiria sasa mchezo ambao sisi wenyewe tungeutengeneza: bao la pwani, omweso wa Waganda, igisoro ya Wanyarwanda. Ubao una mashimo 32, kete ni 64. Hali ya ubao ni orodha ya namba 32. Kusambaza kete ni kutoa namba kwenye shimo moja na kuongeza moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Hesabu hiyo simu yoyote inaimaliza kabla kidole hakijainuka kwenye kioo. Mahali pekee penye uzito ni pale unapotaka kompyuta iwe mpinzani, itazame mbele: nikicheza hivi, yeye atacheza vipi, nami nitajibu vipi. Kila hatua ya kutazama mbele inazidisha idadi ya njia. Hapo ndipo kasi ya lugha inapoonekana, na hapo mtu wa C++ atatazama mbele hatua moja au mbili zaidi yako. Lakini bao ni mchezo wa zamu. Mpinzani akifikiri nusu sekunde hakuna anayelalamika, na mpinzani anayetazama hatua tatu anatosha kumfunga mtoto wa shule na kumfanya arudi kesho alipize.

Hoja ya pili ni ya ajira. Wanasema makampuni makubwa yanaajiri watu wa C++, kwa hiyo lugha nyingine ni kupoteza muda. Jambo la kwanza ni kweli, la pili halitokani nalo. Kampuni iliyoko Montréal au Paris inayomtafuta mtu wa C++ inataka kuona alichokwisha kukitengeneza. Aliyemaliza michezo mitatu midogo kwa Lua anajua jinsi mzunguko wa mchezo unavyokwenda, jinsi vitu viwili vinavyogongana, jinsi ya kuhifadhi alama, jinsi ya kuwinda kosa linalotokea mara moja kwa siku. Mtu huyo akihitaji C++ ataisoma akiwa anajua anachokitafuta. Aliyesoma sura 30 za C++ bila kumaliza chochote ana daftari tu. Na tuseme wazi: Maniema leo haina kampuni ya michezo inayosubiri kuajiri. Kazi ya kwanza ya kijana wetu ataianzisha mwenyewe, na mteja wake wa kwanza ni jirani mwenye simu.

Hoja ya tatu inapendwa na walimu, na inaniuma kwa sababu mimi ni mwalimu: anza na kigumu, mengine yatakuwa mepesi. Hakuna anayemfundisha mtoto kuogelea katikati ya Lualaba wakati wa mafuriko. Anaanzia kijito cha nyuma ya nyumba, maji yakimfika magotini. Pia kuna uzito ambao walioandika vitabu vya C++ hawauoni, kwa kuwa hawaubebi. Mwanafunzi wetu anazungumza Kiswahili na Kilega nyumbani, amesomeshwa kwa Kifaransa, na maneno ya lugha za programu ni ya Kiingereza. C++ ina maneno maalumu zaidi ya 80, na baadhi yake yana maana mbili au tatu kutegemea yalipowekwa. Lua inayotumiwa na LÖVE ina maneno 21. Nimewaandikia maneno hayo 21 ubaoni kwa chaki, na maana zake kwa Kiswahili, na baada ya juma moja hakuna aliyekuwa anatazama ubao. Kinachobaki baada ya hapo ni kufikiri, na kufikiri vijana wetu wanaweza kwa lugha yoyote.

Historia ya Lua yenyewe nayo inatuhusu. Ilizaliwa 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Brazili ilikuwa imepitia miaka mingi ya sera ya kulinda soko lake la kompyuta, na kununua programu kutoka nje kulikuwa kugumu na ghali. Wahandisi wa kampuni ya mafuta ya Petrobras walihitaji namna rahisi ya kuingiza na kupanga takwimu zao. Wale watatu hawakungoja meli. Walikuwa na lugha ndogo iliyoitwa SOL, yaani jua kwa Kireno, na iliyofuata wakaiita Lua, yaani mwezi. Waliitaka iwe ndogo, isomwe na mtu ambaye si mtaalamu, na iendeshwe kwenye mashine yoyote iliyopo. Hadi leo msimbo wake ukibanwa haufiki mega 1. World of Warcraft iliitumia kwa sehemu anayoiona na kuigusa mchezaji, na michezo ya Roblox huandikwa kwa lugha iliyotokana nayo. Wanaoiita lugha ya watoto wajue ilitungwa na watu waliokuwa na uhaba kama wetu, nao wakaufanya uhaba huo kuwa kipimo cha ubora.

Wengine watasema: basi acha C++, chukua injini ya Unity, ndiyo inayotumika katika michezo mingi ya simu, na C# si ngumu. Hapa nawaomba wazee wa Kalima wanisaidie kujibu, kwa sababu mji huu unajua maana ya kutegemea uamuzi wa mbali. Bati imetulisha. Kampuni ya Symétain ilijenga nyumba, hospitali na mitambo ya umeme wa maji. Mwaka 1976 ikaja kampuni ya Sominki. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati likaishiwa fedha za kushikilia bei, soko la metali la London likasimamisha biashara ya bati, na bei ikaanguka. Hakuna mchimbaji wa hapa aliyekuwa amekosea chochote. Miaka iliyofuata Sominki ilidhoofika hadi ikafa, na 1997 ikaja Sakima. Wazee wetu wanakumbuka mishahara iliyokatika kwa uamuzi uliopitishwa katika chumba ambacho hawakuwahi kukiona.

Tarehe 12 Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 ingetoza ada kwa kila mara mchezo unapowekwa kwenye kifaa, ukishavuka kiwango fulani cha mapato na idadi. Watengenezaji waliokuwa wamejenga kwa miaka juu ya masharti ya zamani waliamka wakakuta masharti mapya. Kelele zikawa kubwa, kampuni ikarekebisha masharti mwezi huohuo, na Septemba 2024 ikaifuta ada hiyo. Ni haki kusema mchezo mdogo wa Kalima usingefika kwenye viwango vile. Hata hivyo somo linabaki: kilichofutwa kwa uamuzi wa mwenye mali kinaweza kurudi kwa uamuzi wake. Lua, LÖVE na Godot zimetolewa kwa leseni huru. Nakala uliyo nayo kwenye diski leo ni yako kuitumia, kuibadilisha na kumpa mwenzako, hata waliozitunga wakibadili nia. Kwa mji uliopitia 1985, hilo lina uzito kuliko nusu ya sifa za kiufundi.

Nitaje na jirani yetu. Lual Mayen, Msudani Kusini, alilelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza 2007, kwenye kituo cha kuandikisha wakimbizi. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akafikisha dola 300 za kumnunulia. Kambini hapakuwa na umeme, naye alitembea saa tatu kwenda mahali pa intaneti kuichaji. Kutoka hapo alijifundisha mwenyewe na kutengeneza Salaam, mchezo unaohusu amani na safari ya mkimbizi, na 2018 akatuzwa kwenye hafla ya The Game Awards huko Marekani. Alichokuwa nacho ni saa chache za betri na jambo la kusema. Kwa mtu wa namna hiyo kila saa ya betri inayomezwa na maandalizi ni saa iliyoibiwa kutoka kwenye mchezo, na ushauri unaosahau hilo, hata ukitolewa kwa nia njema, unamuibia.

Sasa nikubali ninayopaswa kuyakubali. Anayetaka kutunga injini mpya, ajifunze C++. Anayetaka kuingia katika timu zinazotengeneza michezo mikubwa ya PlayStation, ajifunze lugha hiyo pia, na afanye kwa bidii. Hata mchezo ulioandikwa na mtu mmoja unaweza kudai nguvu zote za mashine: Chris Sawyer aliandika karibu RollerCoaster Tycoon yote ya 1999 kwa lugha ya asembli, iliyo chini hata ya C++, ili kompyuta za wakati ule zibebe umati wa wageni wanaotembea bustanini. Lakini aliuanza mchezo huo akiwa na michezo mingi nyuma yake na akijua hasa kwa nini. Simfungii mtu njia ya C++. Nakataa kuifanya iwe mlango ambao kila mtu lazima apitie.

Kwa hiyo kijana akinijia leo, namuuliza maswali matatu kabla sijataja lugha. Mchezaji wako ana simu gani? Mashine yako inabeba nini? Mchezo wako wa kwanza unaweza kuisha ndani ya mwezi mmoja? Kama hana kompyuta kabisa, namwekea LÖVE kwenye simu ya Android, anaandika Lua kwenye simu hiyohiyo na kuiendesha hapohapo. Mchezo wake ni faili moja lililobanwa, jepesi, linapita kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu bila kununua mega. Kama ana kompyuta dhaifu, LÖVE yake haifiki mega 10. Kama ana kompyuta yenye nguvu kidogo na anapenda kupanga vitu kwa kuviona, nampa Godot, iliyoanzishwa na Waajentina wawili na kufunguliwa kwa wote 2014. Ukubwa wake ni mega mia moja hivi kutegemea toleo, na anahitaji mega nyingi zaidi ya hizo akitaka kutoa mchezo kamili wa Android. Ikiwa kadi yake ya picha ni ya zamani, nampa toleo la 3. Haya ndiyo mazungumzo ya kuchagua lugha, na yanahusu mtu aliye mbele yangu.

Yule mwanafunzi wa diski alirudi. Nilimwomba aniletee ubao wa mashimo 32 kwenye kioo, bila picha nzuri, bila sauti, kete ziwe namba tu. Alifanya kazi kila umeme ulipopatikana, na siku ya tisa akaniletea simu. Kete zilikuwa zinasambaa vibaya kwenye kona. Tulikaa tukaipata mistari miwili yenye kosa, tukairekebisha, tukaendesha tena. Alicheza mara nne mfululizo bila kusema neno, kisha akainuka, akatoka na simu yake kwenda kuwaonyesha wenzake kwenye kituo cha pikipiki. Hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza ameuandika kwa lugha gani. Walimuuliza namna ya kuuhamishia kwenye simu zao.